Kemikali za Kuzuia Moto: Marufuku Iwafikie Wanunuzi wa Songea

Kemikali za kuzuia moto huchanganywa viwandani na plastiki, sponji na vitambaa ili runinga, kompyuta na makochi yasishike moto upesi. Kundi linalohofiwa zaidi ni la kemikali zenye bromini, elementi ambayo joto likizidi hutoka kwenye plastiki na kuukatiza mwako kabla haujaenea. Hata hivyo, kwa kuwa nyingi kati ya kemikali hizo huchanganywa tu na plastiki bila kuungana nayo, huachana nayo kidogo kidogo bidhaa inapochakaa, zikaingia katika vumbi la nyumbani, na mtoto anayetambaa sakafuni akazimeza kila anapotia mkono kinywani.

Kemikali hizo haziozi upesi, hujikusanya katika mafuta ya mwili na zimewahi kupatikana hata katika maziwa ya mama. Baadhi yake huvuruga homoni za tezi ya thairoidi, ambazo ndizo zinazoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni.

Kwa sababu hiyo, Mkataba wa Stockholm kuhusu vichafuzi vya kikaboni vinavyodumu, uliopitishwa mwaka 2001 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2004, uliziingiza kemikali kadhaa za aina hiyo katika orodha ya marufuku mwaka 2009, ukaongeza nyingine mwaka 2013 na 2017. Lakini msamaha uliotolewa mwaka 2009 unaziruhusu nchi zilizouomba kurejeleza plastiki zenye baadhi ya kemikali hizo hadi mwaka 2030, na ndiyo maana uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwa mojawapo, umezikuta katika vitu vya kuchezea watoto vilivyotengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa.

Songea, mji unaopokea bidhaa za viwandani kwa barabara za Makambako na Tunduru, hauna kiwanda cha kemikali hizo, ila vifaa vya mitumba vilivyoundwa kabla ya marufuku vinaweza kuufikia na kuishia humo. Kasha la runinga mbovu likichomwa jalalani hutoa dioksini na furani, sumu kali zinazotua kwenye udongo ambamo kuku hudonoa. Kanuni za taka za umeme na kielektroniki za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zimekwisha kuweka msingi wa kulizuia jambo hilo.

Marufuku inayoishia kwenye karatasi haimlindi mtoto yeyote. Inafaa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Shirika la Viwango Tanzania wakague mitumba kabla haijafika sokoni, na Manispaa ya Songea itenge mahali ambapo mafundi na wananchi watapeleka vifaa vibovu. Kila kaya nayo isichome plastiki za vifaa vya umeme, ipanguse vumbi kwa kitambaa kibichi, iondoe sponji inayomong'onyoka, na iwanawishe watoto mikono kabla ya kula.