Askari wa ordinatere: mwili ni wa nani?

Wandugu wa mine, bamama na vijana, kuna vidio zinazunguka ku telefoni zetu tangu vita ya mashariki ilipozidi. Ni usiku, moshi mwingi, kifaru kinapasuka, na chini yake mutu ameandika jina la mji wenye ndugu zetu wanakaa. Kwetu sisi watu wa mine hiyo si mambo ya kuchekesha. Wengi tuna shemeji ao mutoto wa ndugu kule Kivu. Mama anaangalia, moyo unaruka, anaanza kupigia simu watu wote, na feza ya unga inakwisha ku inite.

Hatusemi vita ni ya uongo. Vita iko, na watu wanakufa. Lakini askari wengine wenye tunaona ku telefoni hawakuzaliwa na mama yeyote. Wametengenezwa mu ordinatere.

Mfano wenye unajulikana ni wa mchezo wa vita Arma 3, uliotoka mwaka wa 2013. Wenye kuufanya ni Bohemia Interactive, kompani ya Jamhuri ya Cheki. Mwezi wa 11 wa 2022 kompani yenyewe ilitoa tangazo kusema kama watu wanachukua picha za mchezo wao na kuzitembeza kama vita ya kweli: ya Ukraine, ya Afghanistan, ya Syria, ya Palestina. Sababu ni kwamba mchezaji anaweza kubadilisha kila kitu ndani, nguo, bunduki, ndeke, mpaka bendera. Hata ma televizioni yalishikwa mu mutego huo.

Tangazo hilo lilitoa alama za kuangalia, na sisi tumezisoma mu mikutano yetu ya sendika juu zinasaidia. Picha haiko safi, kamera inatetemeka sana, mara nyingi ni usiku, mara nyingi hakuna sauti. Moshi na moto haviendi kama moshi na moto wa kweli. Na kubwa zaidi: watu wanaotembea hawaonekani. Kifaru ni chuma, ordinatere inakiiga bila taabu. Mutu anayekimbia, anayeanguka, anayegeuza shingo, huyo anashinda masini. Kama vidio inaonyesha vyuma tu na watu hapana, ngoja kwanza kabla ya kuituma.

Sasa, askari huyo wa ordinatere anatoka wapi? Fundi anaanza na mwili kama wavu wa samaki, wenye kufanywa na pembetatu ndogo ndogo, maelfu na maelfu. Juu ya wavu anavuta picha ya ngozi na ya nguo, kama vile fundi wa viti anavyovuta kitambaa. Ndani anatia mifupa, ili mukono ukunjike mahali pa kiwiko na si penginepo. Kisha mununuzi anachagua: kofia ya chuma, jile, viatu, cheo ku bega, ndevu, kidonda, rangi ya ngozi. Asubuhi mwili ule ule ni Mrusi wa 1942, magaribi ni Mwamerika wa leo. Kwa sura peke yake, Epic Games ya Marekani ilionyesha mwaka wa 2021 programu inayoitwa MetaHuman, yenye mutu anatengeneza uso kwa kuvuta alama ku ekra, pua ndefu, macho makubwa. Na kuna programu Blender ya bure kabisa. Kijana wa Kolwezi mwenye ordinatere nzuri na kura ya kutosha anaweza kuanza, na tunajua kura ndiyo shida.

Wenye kufanya sinema wanapenda askari hawa juu hawali, hawalali, hawaombi kitu. Zamani filamu ya vita ilikuwa kazi ya watu. Sergei Bondarchuk alipopiga filamu ya „Vita na Amani” kule Urusi mu miaka ya 1960, jeshi lilimupa maelfu ya askari wa kweli wa kujaza uwanja. Mwaka wa 2002, mu filamu ya pili ya „The Lord of the Rings”, iliyopigwa New Zealand, jeshi kubwa linaloshambulia ngome usiku lilijazwa na programu Massive ya Stephen Regelous. Kila askari wa programu ile alikuwa na akili yake kidogo ya kuona adui na kuamua kupiga ao kukwepa. Hakuna hata mumoja aliyeomba mushahara.

Hapa ndipo sisi watu wa sendika tunasimama. Askari wa ordinatere hajui kutembea peke yake. Mara nyingi mwendo wake umetoka kwa mutu mwenye mwili. Mutu anavaa nguo ya kubana yenye alama, kamera zinamuzunguka, anakimbia, anatambaa, anaanguka, anakufa mara makumi kwa siku moja. Magoti yanauma kama ya mutu wa mine. Mwendo unaandikwa, na tangu siku ile unaweza kuvalishwa askari elfu.

Mwaka wa 2023 wachezaji wa sinema wa Marekani, wenye sendika yao inaitwa SAG-AFTRA, walifanya grevi ya siku 118, kuanzia tarehe 14 ya mwezi wa 7. Moja ya mambo ilikuwa hii: sendika ilisema mapatroni walitaka kupiga picha mwili muzima wa wale wanaojaza nyuma, kuwalipa siku moja, na kubaki na picha milele. Mapatroni walikana. Lakini kontra iliyotoka nyuma ya grevi inasema wazi: nakala ya mutu haitumiwi bila ukubali wake na bila kulipwa. Mwezi wa 7 wa 2024 wale wa michezo ya ordinatere nao waliingia grevi, na kati ya mambo yao ilikuwa ulinzi wa wale wanaotoa mwendo wa mwili tu, bila sauti wala uso. Ilichukua karibu mwaka muzima mpaka kontra ya 2025.

Mutu atauliza: kaske na buti zetu zinahusu nini na Hollywood? Ordinatere zile zina shaba ndani, zina tantali ya koltani, na telefoni yenye kukuletea vidio ina kobalti ku batri; zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Hiyo kila mutu anajua. Lakini kuna jambo la karibu zaidi. Ku kompani moja ya huku, jina tuliache, wafanyakazi wa posti ya usiku walipigwa picha za kila upande, wakiinama, wakibeba, wakipanda ngazi, eti kwa filamu ya kufundisha securité. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kurasa tatu, na wakatia mukono wakisimama, lori ya kuwarudisha nyumbani ikiwa inapiga honi.

Delege wetu waliomba nakala ya karatasi ile. Tunataka kujua picha zinakaa wapi, zitatumiwa miaka mingapi, kama zinaweza kuuzishwa kwa mwingine, na kama mutu akiacha kazi ao akifa familia yake inapata nini. Patroni alijibu kama ni mambo ya kufundisha tu. Tumeandika barua ya pili, na hiyo nayo tunasubiri jibu yake. Kwa sasa, mwenye kupewa karatasi ya namna hiyo asitie mukono mu njia. Aende nayo nyumbani, asome na mutoto mwenye amesoma, ao ailete ku biro ya sendika.