Safari ya Baiskeli Kwenda Pwani katika Desturi za Waholanzi

Miongoni mwa desturi za Waholanzi ambazo mgeni hukutana nazo mapema na kuzielewa kwa kuchelewa ni safari ya baiskeli ya kwenda pwani, ambayo kundi la marafiki huifanya siku ya Jumamosi au Jumapili, hasa kuanzia Mei hadi Septemba, wakati baridi imekwisha kuondoka na jua, katika mwezi wa Juni, huchwa karibu saa nne za usiku. Mtazamaji wa pembeni huiona kuwa ni tafrija tupu isiyo na kanuni. Lakini ndani yake mna utaratibu mwingi kuhusu miadi, njia, chakula na fedha, na mwanafunzi wa kigeni aliyeshiriki mara kadhaa hupata humo maarifa kuhusu jamii iliyompokea ambayo mihadhara ya chuo haimpi.

Hali ya nchi yenyewe huiwezesha desturi hii. Uholanzi ni tambarare, na miji yake mikubwa ya magharibi imejengwa karibu na Bahari ya Kaskazini, nyuma ya matuta marefu ya mchanga. Kutoka Leiden hadi Katwijk ni mwendo wa kilometa kumi hivi, kutoka Delft hadi Scheveningen, ambayo ni pwani ya mji wa The Hague, ni kama kilometa 15, na anayetoka Amsterdam kwenda Zandvoort huhitaji kupiga pedeli kwa zaidi ya kilometa 25. Miji hiyohiyo ndiyo yenye vyuo vilivyopokea Waafrika Mashariki wengi, vikiwamo taasisi ya masomo ya maendeleo ya ISS iliyoanzishwa The Hague mwaka 1952, taasisi ya masuala ya maji ya IHE iliyoanzishwa Delft mwaka 1957, na Chuo Kikuu cha Leiden ambako Kiswahili chenyewe hufundishwa.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba utambarare wa nchi peke yake ndio uliozaa desturi hii. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia motokaa ziliongezeka, barabara zikapanuliwa kwa ajili yake, na waendesha baiskeli wakasukumwa pembeni kama wanavyosukumwa leo katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika ajali za barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kuandamana, wakaunda vuguvugu lililojiita Stop de Kindermoord, yaani "Komesheni Mauaji ya Watoto", na miaka michache baadaye chama cha kutetea waendesha baiskeli kikaundwa. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 uliwapa nguvu zaidi, kwa sababu serikali, ili kubana matumizi ya petroli, ilipiga marufuku motokaa siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba mwaka huo, na watu wakamiminika katika barabara kuu tupu kwa baiskeli, kwa miguu na hata kwa farasi. Katikati ya muongo huo fedha za serikali zikaanza kujenga njia za majaribio katika miji ya The Hague na Tilburg. Njia za baiskeli pekee, ambazo sasa zinakadiriwa kufikia kilometa 35,000, ni matokeo ya madai hayo ya kisiasa, na kijana anayeelekea pwani bila kuhofia lori lolote hunufaika na mapambano ambayo aghalabu hayafahamu.

Safari huanza kwa miadi. Mholanzi hapendi kupitiwa nyumbani ghafla. Siku hupangwa mapema, wakati mwingine wiki kadhaa kabla, na kuandikwa katika shajara, na saa nne kamili asubuhi huwa na maana ya saa nne kamili. Mvua hafifu haivunji miadi. Mgeni aliyezoea kwamba rafiki huingia wakati wowote na kukaribishwa chakula kilichopo huuona utaratibu huu kuwa mkavu, ingawa akishaandikwa katika shajara ya mtu huwa na hakika kwamba hatasahauliwa.

Njiani kuna adabu zake. Sheria huruhusu watu wawili kuendesha sambamba wakizungumza, lakini kengele ikilia nyuma yao mmoja hutangulia ili mwenye haraka apite. Anayekata kona hunyoosha mkono. Penye pembetatu nyeupe zilizochorwa chini, ambazo Waholanzi huziita meno ya papa, husimama kupisha. Na penye makutano yasiyo na alama humpisha anayetoka kuliani. Mtu wa Kenya, Uganda au Tanzania, aliyelelewa katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, huhitaji muda kuuzoea upande wa kulia, tena baiskeli nyingi kuukuu hazina breki ya mkononi, bali husimamishwa kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kofia ngumu huvaliwa na wanamichezo wa mbio, si na marafiki waendao pwani. Asiye na baiskeli habaki nyumbani: mwenzake huanza kuendesha polepole, naye hukimbia kando kisha hurukia keria na kukaa ubavu, kwa ustadi ambao abiria wa boda boda za baiskeli kule Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, angeutambua mara moja, isipokuwa kwamba hapa hakuna nauli.

Njia haiulizwi kwa wapita njia. Chama cha ANWB, kilichoanzishwa mwaka 1883 na waendesha baiskeli na ambacho leo hutetea pia wenye magari, kilianza mwaka 1919 kusimika vibao vifupi vyenye umbo la uyoga vinavyoonyesha miji na umbali. Juu ya hivyo upo mfumo wa makutano yenye namba, uliobuniwa Ubelgiji, ambao kwa kuufuata kundi huandika kwenye karatasi namba chache tu na kuzifuata moja baada ya nyingine hadi baharini.

Adui wa safari ni upepo. Kwa kuwa upepo wa nchi hii hutoka zaidi kusini-magharibi, yaani upande wa baharini, waendao pwani hupambana mara nyingi na upepo wa omo, na hapo mwenye nguvu hutangulia ili wenzake wajikinge nyuma yake. Waholanzi wameigeuza taabu hii kuwa mchezo, kwani yapo mashindano ya kitaifa ya kuendesha baiskeli dhidi ya dhoruba juu ya boma la Oosterscheldekering, kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia.

Kabla ya bahari hupitwa matuta ya mchanga, na hapa furaha hutiwa nidhamu kali. Matuta hayo huzuia bahari isiingie katika nchi ambayo karibu robo yake iko chini ya usawa wa bahari, na pia huchuja maji: mji wa The Hague hunywa maji yaliyopita katika mchanga huo tangu mwaka 1874, na siku hizi maji ya mto husafirishwa kwa mabomba hadi humo ili yachujwe. Kwa hiyo haifai kuiacha njia na kukanyaga majani yanayoushika mchanga. Baiskeli hufungwa juu, kwenye vituo vyake, na watu huteremka ufukweni kwa miguu.

Ufukweni, mikahawa mingi ya mbao hujengwa majira ya kuchipua na kubomolewa majira ya kupukutika, kabla ya dhoruba za baridi. Wengi hula mkate waliofunga nyumbani, kisha hununua viazi vya kukaanga kwa mayonezi au vipande vya samaki wa kukaanga. Maji ya bahari, ambayo hata Agosti hayazidi sana nyuzi 18 au 19, humfukuza haraka aliyezoea kuogelea Bamburi au Nungwi. Jambo linalomshangaza zaidi ni malipo: aliyealika halipii wengine. Mmoja akitangulia kulipa, jioni kila mwenzake hupokea katika simu ombi la kurudisha fungu lake kupitia programu ya Tikkie, ambayo ilitolewa na benki ya ABN AMRO mwaka 2016. Waafrika wengi huita jambo hili uchoyo, na kweli kudaiwa senti za kikombe kimoja cha chai huchekwa hata na Waholanzi wenyewe; lakini msingi wake ni usawa, kwamba asiwepo mdeni wala mfadhili kati ya marafiki.

Usawa huohuo umo katika chombo chenyewe. Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2010 hadi 2024, alionekana mara nyingi akienda kazini kwa baiskeli, na hakuna aliyemhurumia. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki baiskeli ni chombo cha kazi, cha kubebea madumu ya maji, mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, na ofisa anayeipanda huulizwa amefikwa na nini. Wapo wanafunzi, hasa wanawake ambao kwao hawakuruhusiwa kupanda baiskeli utotoni, wanaojifunza kwa mara ya kwanza huko ugenini wakiwa watu wazima, na mafunzo ya aina hiyo hutolewa kwa wanawake wahamiaji katika miji mingi.

Masomo yakiisha, baiskeli huuzwa au hupewa mgeni mpya pamoja na kufuli zake mbili. Anayekwenda kusoma huko na atafute kuukuu yenye kutu kidogo, kwa maana wezi huzipenda mpya, adai stakabadhi ya mauzo, na aikatae inayouzwa mtaani usiku kwa bei ya kutupa, kwa sababu kununua mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria ya nchi hiyo.