Kisiwa cha watu wasemao kwa mbinja

Ungemwitaje jirani aliye ng'ambo ya bonde refu? Wakazi wa La Gomera, kisiwa cha Uhispania kilichoko Bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Afrika, hupiga mbinja. Si kelele tupu. Ni Kihispania kitupu, maneno yakigeuzwa kuwa mbinja inayosikika kilomita kadhaa.

Christopher Columbus alitia nanga hapa mwaka 1492 kabla ya kuelekea Amerika.

Barabara na simu zilipoingia, mbinja hiyo nusura itoweke. Mwaka 1999 ikafanywa somo la lazima katika shule za msingi. Leo watalii wanaozuru msitu wa Garajonay huisikia mikahawani.

Mzazi, jiulize: wanao wanaijua lugha ya nyanya yao?