Soda Kiasi Gani katika Mtindi?

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo la jikoni liharibulo unga mwingi, yaani kutia soda ya mikate katika mtindi kwa kukisia.

Nilipokuwa kijana niliwaokea wageni mkate wa mtindi. Katika vikombe viwili vya mtindi nilitia vijiko vitatu vya soda, nikidhani kwamba ikizidi, mkate utaumuka zaidi. Ukatoka wa manjano, una ladha ya sabuni. Wageni walikula kwa adabu, mbwa alikataa. Na unga ule ndio uliokuwa wa mwisho nyumbani.

Sababu ni hii. Mtindi una asidi, nayo ndiyo ukali tuuonao ulimini. Soda ikikutana na asidi hufanya povu la hewa ya ukaa, na hewa hiyo huuinua mkate. Asidi ikiisha, soda iliyosalia haina wa kushindana naye, na moto wa tanuri huigeuza kuwa magadi makali.

Basi na tuhesabu. Robo lita ya mtindi uliogandika vema huwa na asidi ya gramu 2 hivi. Gramu 90 za asidi ya maziwa hutoshana na gramu 84 za soda; kwa hiyo kikombe hicho chataka soda isiyotimia gramu 2. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu huchukua gramu 5 hivi. Nusu kijiko, basi, ndiyo mpaka, wala isijae. Mimi nilitia gramu 15 palipotakiwa 4!

Lakini mtindi wa jana si mkali kama wa siku tatu. Ukitaka yakini, chuja maji ya mtindi kikombe kimoja, uyatie rangi kwa maji ya maua ya choya, hata yawe mekundu. Tia soda chembe chembe, ukingoja povu litulie. Wekundu ukififia kuwa zambarau, acha. Ukiona kijani, umepita kiasi.

Magadi ya mawe yasitumiwe kwa hesabu hii, maana nguvu yake ni nyingine.

Siku ya kuoka, changanya soda na unga mkavu kwanza, ndipo umimine mtindi, na mkate uingie tanurini mara moja, kabla hewa haijatoroka.