Mdhamini Hakuletei Mteja

Siku ya marejesho ya kikundi cha mikopo, mwanachama mmoja asipotokea, wenzake hawaondoki. Huchangishana papo hapo kufidia deni lake, kisha wawili watatu huongozana hadi mlangoni kwake. Mama asiye na hati ya kiwanja ameweka dhamana kitu kingine: jina lake kwa majirani. Wataalamu hukiita mtaji wa kijamii, yaani kujuana na kuaminiana kunakoweza kumletea mtu riziki.

Mtaji huo upo kweli. Mwaka 1995 kaya za vijijini Tanzania ziliulizwa kuhusu vikundi zilivyomo. Deepa Narayan na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia walipochambua majibu, walikuta kaya za vijiji vyenye ushirika imara zina kipato kikubwa zaidi, na kwamba uzito ulikuwa kwenye ushirika wa kijiji kizima kuliko wa kaya moja moja. Kolkata, India, watafiti waliwapangia wakopaji wapya kwa bahati nasibu: vikundi vingine vikutane kila wiki, vingine kila mwezi. Kwenye mkopo uliofuata, waliokuwa wakikutana kila wiki walilipa vizuri zaidi. Walikuwa wameshazoeana na kutembeleana.

Lakini kulipa deni si kuongeza kipato. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti za nchi sita, zikiwemo Ethiopia, Morocco na India. Hakuna iliyoona mikopo midogo ikiinua kipato cha wakopaji wa kawaida kwa kiwango cha kubadili maisha yao.

Naona sababu moja iko ndani ya kikundi chenyewe. Wanachama wanakaa mtaa mmoja, wanauza bidhaa zilezile, wanagombea wateja walewale. Wanajua yote anayoyajua mwenzao, na hawajui asichokijua. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao juujuu tu, kwa kuwa wanapita tusikopita. Muuza vitunguu wa Arusha anaweza kuwa na wadhamini kumi na asimjue hata dereva mmoja wa lori la Mang'ola, vinakolimwa.

Tena dhamana ya kikundi ina gharama isiyoandikwa kwenye daftari. Wapo wanaokimbilia mikopo ya riba kali, iitwayo kausha damu, ili wapate marejesho ya kikundi, maana aibu mbele ya majirani inauma kuliko riba. Biashara mpya nayo inaogopwa: ikianguka, wanalipa wengine. Hilo linaniuma, kwa sababu Ufilipino benki moja iliondoa sharti la kulipiana na kubakiza mikutano, na marejesho hayakushuka. Pengine adhabu haikuwa nguzo tuliyoidhania.

Afisa mikopo anapofungua daftari huuliza nani hajalipa. Ningependa aulize pia kila mmoja ananunua mzigo wapi, kwa nani, kwa bei gani, na awakutanishe na kikundi cha mtaa wa mbali. Akina mama ishirini waliokaa kwenye mkeka mbele yake wamekwisha kulipiana madeni miaka kadhaa, na bado kila alfajiri kila mmoja anaamka peke yake kwenda kununua kiroba kimoja kwa dalali yuleyule.