Shafti ya PTO: Safari ya Nguvu kutoka kwenye Trekta hadi kwenye Mashine

Mvua zinapokoma katika nyanda za Mkalama, na vichwa vya alizeti vikaanza kuinama na kukauka, matrekta ya Nduguti hubadili kazi. Tangu Novemba yalikuwa yakivuta plau na tela, kazi ambazo hazihitaji chochote zaidi ya ndoano na mikono ya nyuma. Sasa yanafungwa mashine za kupura alizeti na mtama na za kupukuchulia mahindi, nayo shafti ya PTO iliyolala miezi mingi pembeni mwa stoo, yamkini chini ya magunia matupu, huvutwa nje na kupanguswa vumbi. Shafti hiyo hufungwa kwa haraka, na mara nyingi na mtu ambaye hajaigusa tangu msimu uliopita. Makosa mengi tutakayoyaeleza huanzia hapo.

Mafundi wengine huiita propela, kwa kuifananisha na ile iliyo chini ya lori, nao hawakukosea sana. Kazi yake ni kuchukua mzunguko wa injini kutoka kwenye ncha yenye meno iliyo nyuma ya trekta na kuupeleka kwenye mashine. Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1906, Mfaransa Albert Gougis aliunganisha injini ya trekta na mashine ya kuvunia nafaka kwa shafti. Mhandisi wa kampuni ya International Harvester ya Marekani, Edward Johnston, aliiona kazi hiyo, na kufikia mwaka 1918 kampuni yake ilikuwa ikiuza trekta lenye shafti ya namna hiyo. Mwaka 1927 wahandisi wa kilimo wa Marekani waliweka kipimo cha pamoja, ili mashine ya kiwanda kimoja iweze kufungwa kwenye trekta la kiwanda kingine. Ndiyo sababu trekta lililotengenezwa India au Uingereza laweza leo kuzungusha mashine iliyochomelewa katika karakana ya Singida mjini.

Kipimo kilichoenea zaidi ni ncha yenye meno 6 na kipenyo cha milimita 35, inayozunguka mara 540 kwa dakika. Kipo pia cha mizunguko 1,000 kwa dakika, ambacho ncha yake ina meno 21. Tofauti hiyo ya meno iliwekwa makusudi, ili mashine ya 540 isiingie katika trekta la 1,000. Anayetafuta kipande cha kuunganishia ili ziingiliane amekiondoa kizuizi kilichowekwa kumlinda. Mwanafunzi na apige hesabu: nguvu inayovuta vipande vya mashine kwenda nje huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gawanya 1,000 kwa 540, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata karibu 3.4. Ngoma iliyoundwa kustahimili mzigo mmoja itabebeshwa mitatu na nusu.

Shafti hii hubeba mzigo gani hasa? Tuchukue trekta linalotoa kilowati 30 katika ncha hiyo, yaani kama nguvu farasi 40. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde, au radiani 56.5 kwa sekunde. Wati 30,000 zikigawanywa kwa 56.5 zatupa msokoto wa nyutonimita 531 hivi. Ni sawa na kufunga chuma chenye urefu wa mita moja kwenye ncha ya shafti, kisha kuning'iniza mwishoni mwake mzigo wa kilo 54. Msokoto huo hupita katika misalaba miwili ya chuma ambayo kila mmoja waenea kiganjani.

Misalaba hiyo, ambayo mafundi huiita krosi, huiwezesha shafti kukunjika huku ikizunguka. Kiungo cha namna hii huhusishwa na jina la Mtaliano Gerolamo Cardano wa karne ya 16, na Mwingereza Robert Hooke alikishughulikia katika karne ya 17. Kina tabia moja ya ajabu ambayo mwalimu wa fizikia au wa hisabati yafaa aionyeshe darasani. Kiungo kimoja kikikunjwa, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ulio sawasawa hata kama upande wa kwanza unazunguka bila kubadilika. Kwa mkunjo wa nyuzi 30, ambao kosaini yake ni 0.866, upande unaoendesha ukisogea nyuzi 45, upande unaoendeshwa waweza kuwa umesogea nyuzi 41 tu. Kufikia nyuzi 90 zote mbili zimelingana tena. Maana yake, katika kila mzunguko upande wa pili hupunguza mwendo mara mbili na kuongeza mwendo mara mbili. Trekta likitoa 540, shafti huyumba kati ya 468 na 624, mara 18 kwa kila sekunde.

Ponyo lake ni kiungo cha pili. Uma za bomba la kati zikielekezwa upande mmoja, na mikunjo ya pande zote mbili ikilingana, kiungo cha pili hufuta kosa la cha kwanza, na mashine hupata 540 zilizotulia. Lakini zikipishana kwa robo mzunguko, kosa halifutwi, bali huzidishwa. Kwa mkunjo uleule wa nyuzi 30, mashine itasukumwa kati ya 405 na 720. Dereva husikia mngurumo wenye mapigo, boliti hulegea moja baada ya nyingine, na beringi za sanduku la gia huliwa upesi. Mara nyingi lawama hupewa mashine.

Kosa hili huingiaje? Bomba lenye umbo la ndimu haliruhusu kuunganishwa vibaya, kwa sababu huingia katika namna mbili tu, nazo zote ni sahihi. La pembe tatu laweza kukosewa, na la mraba laweza kukosewa kwa robo mzunguko kamili. Hata hivyo njia iliyo mbaya zaidi ni ya kuchomelea. Uma umevunjika, fundi amepata mwingine kutoka shafti nyingine, ameuchomelea kwa jicho, nao umekaa kombo. Kabla ya moto wa kuchomelea kuwashwa, shafti haina budi kulazwa juu ya meza iliyo bapa na uma zote mbili zilingane, zikipimwa kwa pima maji. Kwa kweli, bomba lililopinda au kusokoteka halifai kunyoshwa na kurudishwa kazini. Ni la kubadilishwa. Chuma kilichokwisha kusokoteka kimekwisha kutoa kauli yake.

Kosa la pili ni la urefu, na ndilo linaloharibu trekta lenyewe. Shafti ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, ili irefuke na kufupika. Ikiwa ndefu mno, bomba la ndani hufika mwisho na kugonga. Hapo shafti huwa mtaimbo unaosukuma ncha ya trekta kwa ndani na sanduku la gia la mashine kwa nje. Dalili ya kwanza ni mafuta yanayovuja nyuma ya trekta, kwa kuwa sili imelika. Ya pili ni sauti ya beringi. Matengenezo yake ni kulifungua trekta nyuma, gharama ambayo yaweza kumeza malipo ya siku nyingi za kupura. Ikiwa fupi mno, mabomba hushikana kwa sehemu ndogo, hucheza, na siku moja huachana yakiwa yanazunguka. Nusu iliyobaki kwenye trekta huanza kupiga kila kilicho karibu.

Kupima si kazi ngumu. Itenganishe shafti, funga kila nusu mahali pake, kisha sogeza mashine hadi umbali ulio mfupi kuliko wote itakaoufikia kazini. Kwa mashine iliyobebwa na mikono ya trekta, umbali huo huwa pale ncha mbili zinapokaribia kulingana kwa kimo. Kwa ile inayovutwa, chunguza trekta likiwa limekata kona. Lazanisha nusu hizo ubavu kwa ubavu, na utie alama inayobakiza nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kabla ya kugonga. Kata bomba la ndani na la nje kwa kiasi kilekile, pamoja na ala zake za plastiki. Piga tupa kingo, ondoa vumbi la chuma, paka girisi. Kisha peleka mashine kwenye umbali ulio mrefu: mabomba yawe bado yameingiana kwa theluthi moja ya urefu wake au zaidi. Yasipofika hapo, shafti hiyo si ya trekta hilo, hata kama ni ya jirani mwema.

Unapofunga, pini ya kubania ni lazima irudi mahali pake kabisa. Usitegemee sauti, ivute shafti kwa mikono miwili. Klachi ya kuteleza, au boliti ya kukatika, hukaa upande wa mashine. Boliti hiyo iliundwa iwe dhaifu, ikatike badala ya gia. Kuna wanaochoshwa na kuibadilisha wakaweka boliti ngumu au kipande cha nondo. Jiwe likiingia siku hiyo, kinachokatika ni msalaba, au meno ya gia.

Nimeacha ala ya plastiki hadi sasa kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, nayo hulinda watu kabla ya vyuma. Bomba la milimita 35 likizunguka mara 9 kwa sekunde hukunja karibu mita moja ya kitambaa katika sekunde moja. Uma, ambao ni mpana zaidi, hukunja maradufu na kuzidi. Upande wa mashine ndiko wanakosimama akina mama wakikinga mbegu, khanga zikiwa kiunoni, na watoto wakiokota zilizoruka. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushindana na kilowati 30, wala dereva hana muda wa kuzima. Ala iliyopasuka ibadilishwe, na vijinyororo vyake vifungwe ili isizunguke pamoja na shafti. Shuka, khanga na mashati yaliyofunguka yasikaribie, na mtu asiruke shafti inayozunguka hata kama anafuata gunia lake.

Kukarabati msalaba uliolika kwawezekana hata chini ya mwembe. Ringi za kubania hutolewa, vikombe vya beringi hugongwa nje taratibu kwa nyundo na kipande cha bomba, na msalaba mpya huingizwa. Vijisindano vya beringi visianguke ndani ya kikombe. Kimoja tu kikilala mlalo, ringi haitaingia. Tundu la girisi lielekee mahali bomba la girisi litakapofika, maana tundu lisilofikika halitatiwa girisi, na misalaba huihitaji kila siku ya kazi. Baada ya hapo zungusha mashine bila mzigo dakika 10, zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, kisha gusa misalaba yote miwili. Ule ulio moto kuliko mwenzake ufunguliwe tena.