Kidole cha Mtoto Kikivunjika, Tusingoje Uvimbe Ushuke

Baada ya Laasiri viwanja vya mitaa yetu hujaa watoto. Mmoja huinua mkono kuuzuia mpira, kidole chake cha mwisho kikasukumwa kando, akalia kidogo, kisha akarudi mchezoni. Magharibi ikiingia mkono umekwisha kuvimba. Mama huukanda kwa maji ya moto, bibi huupaka mafuta, na nyumba nzima hukubaliana kwamba mwana ameteguka tu. Baada ya wiki tatu uvimbe umekwisha na maumivu yamekwisha, ila kila mtoto akikunja ngumi, kidole kile humlalia mwenzake. Hapo ndipo safari ya hospitali huanza, na daktari huona jambo ambalo siku ya pili lingetengenezwa kwa sindano moja ya ganzi, nalo sasa lahitaji upasuaji.

Ndugu msomaji, yafaa kwanza tuelewe kwa nini neno “kuteguka” hutudanganya sana kwa watoto. Mfupa wa mtoto ungali unakua. Karibu na ncha moja ya kila pingili ya kidole kuna tabaka la gegedu laini, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano zinazofunga kiungo. Kishindo ambacho kwa mtu mzima kingevuta kano tu, kwa mtoto huweza kulipasua gegedu na kuuhamisha mfupa mahali pake. Mwaka 1963 madaktari wawili wa Toronto, Kanada, Robert Salter na Robert Harris, waliyagawa majeraha ya gegedu hilo katika makundi 5, na madaktari hutumia mgawanyo huo hadi leo. Mvunjiko wa shina la kidole cha mwisho, ule wa kijana wetu mlinda lango, mara nyingi ni wa kundi la pili: ufa hupita ndani ya gegedu na kuondoka na kipembe kidogo cha mfupa.

Ukuaji huo una neema yake. Kidole cha mtoto kwa kawaida huunga kwa muda wa wiki 3 hadi 4, na mfupa unapoendelea kukua hujinyoosha wenyewe kwa kiasi fulani. Ndiyo sababu daktari huweza kuutazama mfupa uliopinda kidogo na kusema uachwe. Lakini neema hiyo ina mipaka. Mfupa hujinyoosha vizuri ikiwa mtoto ni mdogo, ikiwa mvunjiko uko karibu na gegedu la ukuaji, na ikiwa umepinda kuelekea upande ambao kidole hukunjikia. Uliopinda kando hujirekebisha kwa uchache zaidi. Uliovunjika mbali na gegedu, karibu na kichwa cha pingili, hujirekebisha kwa shida. Na mfupa uliojisokota, yaani uliozunguka kama kamba inavyosokotwa, hautarajiwi kujisokotoa wenyewe, hata mtoto akue miaka mingapi.

Msokoto ndio mzazi anaopaswa kuutafuta, nao hautaki chombo chochote. Mwambie mtoto akunje vidole vyote polepole, kadiri maumivu yanavyomruhusu. Ncha za vidole vinne zapaswa kuinama pamoja kuelekea shina la kidole gumba, bila kimoja kumpanda mwenzake. Linganisha na mkono wa pili. Akishindwa kukunja usimlazimishe. Tazama kucha zake kwa mbele uone kama mmoja umegeuka upande kuliko zilizo jirani. Msidharau msokoto mdogo. Katika mkono wa mtu mzima, digrii 5 tu za msokoto kwenye mfupa wa kiganja zaweza kuipeleka ncha ya kidole kando kwa kiasi cha sentimita 1.5.

Kuna jeraha jingine linalojificha zaidi, nalo huletwa na mlango. Upepo huubamiza mlango, ncha ya kidole ikabanwa, damu ikatoka, na shina la ukucha likachomoka na kulala juu ya ngozi. Watu huona ni ukucha tu. Mwaka 1966 daktari Seymour alieleza kwamba chini ya ukucha wa namna hiyo mfupa wa mtoto huweza kuwa umevunjika kwenye gegedu lake, na nyama ya kitanda cha ukucha ikanasa ndani ya ufa. Hilo ni jeraha la wazi. Bila kuoshwa vyema hospitalini, ukucha kurudishwa mahali pake na mtoto kupewa dawa za kuua bakteria, usaha waweza kuingia mfupani. Msiung’oe ukucha nyumbani, wala msitie majivu au unga wa kahawa. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Hospitalini, mkono hupigwa eksrei. Ni vyema kidole kilichoumia kipigwe picha ya mbele na ya ubavuni peke yake, kwani vidole vikipangana hufichana. Mfupa ukiwa umehama, daktari hutia ganzi, hukivuta kidole na kukirudisha. Kwa kidole cha mwisho wengine huweka kalamu katikati ya vidole viwili iwe egemeo. Kisha kidole hufungwa pamoja na jirani yake, au hutiwa gango au plasta, na picha hurudiwa ndani ya wiki moja ili kuhakikisha mfupa haujahama tena. Msiikose siku hiyo. Mfupa usiotulia hushikiliwa kwa pini nyembamba za chuma ambazo hutolewa baada ya wiki 3 au 4.

Yote haya yana wakati wake. Wahenga wamesema udongo uwahi ungali maji, na mfupa wa mtoto hukauka upesi kuliko wa mzazi wake. Baada ya siku 7 hadi 10 umekwisha anza kuunga. Kuuvuta wakati huo huhitaji nguvu inayoweza kuliumiza gegedu la ukuaji, kwa hiyo daktari huweza kuamua kuuacha uunge ulivyo, kisha baadaye aukate na kuupanga upya.

Waunga mifupa wetu wa jadi wamelihudumia pwani hii vizazi kwa vizazi, na hatuwavunjii heshima. Lakini vidole vya mwungaji, hata awe hodari vipi, haviuoni ufa ndani ya gegedu, na kukanda mfupa uliovunjika huweza kuuhamisha zaidi. Vijiti vikikazwa mno juu ya mkono unaovimba huzuia damu. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi mtoto anaponyooshwa vidole, fungueni kitambaa hicho papo hapo na mkimbilie hospitali. Hata plasta ya hospitali ikibana hivyo, rudini siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kwa wakaao mbali, kama ndugu zetu wa Faza au Kiwayu ambao huanza safari kwa mashua, mkono utayarishwe kwanza. Vueni pete na bangili kabla ya uvimbe kuzidi. Wekeni kitambaa cha maji baridi, fungeni kidole na jirani yake bila kukaza, na mkono uinuliwe juu ya kifua njiani kote. Jeraha la wazi, kidole kilichopinda waziwazi au chenye ganzi kisingoje asubuhi. Kinginecho kionwe ndani ya siku moja au mbili.

Watoto ni amana. Mkono huu ndio utakaoshika kalamu ya madrasa na ya shule, utakaovuta kamba ya ngalawa, utakaoinua kidole cha shahada katika sala. Leo usiku, ikiwa mwana amerudi na mkono uliovimba, mketishe karibu na taa umwambie akunje vidole polepole, na mtazame pamoja vinaelekea wapi.